Maswali na Majibu ya Kompyuta: Mtandao Unaokubali Windows na Kukataa Linux

Barua tatu za toleo hili zimetoka Tabata, Mbezi na Kigamboni, na zote zinahusu kompyuta iliyowekewa mifumo endeshi miwili, Windows na Linux (Ubuntu na Mint ni aina za Linux), ambayo mtandao wake hukubali upande mmoja na kukataa upande wa pili. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu tatizo lake ndilo linalowafanya watu wengi watoe fedha mfukoni bila sababu.

SWALI: Ndugu Mshauri, habari za kazi. Ninaendesha duka la vifaa vya ofisi na huduma ya uchapishaji hapa Tabata. Kompyuta mpakato yangu niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Mdogo wangu aliniwekea Ubuntu pamoja na Windows 10 iliyokuwemo, baada ya kusikia kwamba Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 tangu Oktoba 2025, na Windows nimeibakiza kwa ajili ya programu ya hesabu za duka. Shida ni kwamba asubuhi nyingi nikiwasha na kuchagua Ubuntu, alama ya Wi-Fi haipo kabisa, na kwenye mipangilio naandikiwa kwamba kadi ya Wi-Fi haikupatikana. Siku nyingine inakubali bila mimi kugusa kitu. Kwenye Windows haijawahi kukataa hata mara moja. Fundi ameniambia kadi imechoka, ninunue nyingine. Naomba ushauri wako kabla sijatoa hela.

JIBU: Dada yetu wa Tabata, hela ya kadi mpya iache kwanza. Barua yako yenyewe ina ushahidi wa kutosha wa kuiondolea kadi hiyo lawama. Windows haijawahi kukosa mtandao kupitia kadi hiyohiyo, na hata Ubuntu kuna siku huiona na kuitumia vizuri. Kadi iliyochoka ingeonyesha uchovu wake kwenye mifumo yote miwili. Draiva nayo, yaani programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa, kama ingekuwa haipo, isingekuja leo na kuondoka kesho, kwa kuwa draiva ama imewekwa ama haikuwekwa. Kinachobadilika kutoka siku moja hadi nyingine ni jambo ambalo barua haikulitaja, nalo ni namna kompyuta ilivyozimwa jana yake, na ilikuwa upande gani ilipozimwa.

Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, Windows imekuwa na utaratibu wa kuwaka haraka, na kwenye kompyuta nyingi utaratibu huo huja ukiwa tayari umeruhusiwa. Unapobonyeza kuzima, programu ulizofungua hufungwa kweli, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva zake havifungwi. Hali yake huandikwa kwenye diski katika faili iitwayo hiberfil.sys, ili utakapowasha tena isomwe na kuendelezwa pale ilipoishia badala ya kila kitu kuanza upya. Kwa maneno mengine, Windows yako hailali mauti, inalala usingizi. Kwa mwenye mfumo mmoja hakuna ubaya wowote, maana anayeamka asubuhi ni yuleyule aliyelala usiku. Kwako wewe anayeamka ni mwingine, na anavikuta vifaa katika hali aliyoviacha mwenzake.

Kadi ya Wi-Fi huathirika zaidi kwa sababu ina kichakataji chake na programu yake ndogo ya mtengenezaji, ambayo draiva huipakia ndani ya kadi kila mfumo unapowaka. Windows ikilala bila kuiachilia kadi ipasavyo, kadi hubaki ikisubiri kuamshwa na draiva ya Windows. Ubuntu inapokuja na kujaribu kuipakia programu yake, kadi haijibu, draiva husubiri, muda unakwisha, na mwishowe draiva huiacha. Hapo ndipo mipangilio inapoandika kwamba kadi haipo, ingawa ipo palepale ilipofungwa kiwandani. Kama kadi yako ni ya Intel, fungua dirisha la amri (Terminal) upande wa Ubuntu siku mtandao ukikataa, uandike sudo dmesg | grep iwlwifi, kisha utazame kama kuna mstari wenye kosa namba -110. Katika Linux namba hiyo maana yake ni kwamba muda wa kusubiri jibu umekwisha, na ukiikuta hapo itakuwa imeunga mkono maelezo haya.

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, fanya jaribio hili, kwa sababu litakupa jibu ambalo hata fundi hataweza kulipinga. Ingia Windows, kisha usichague kuzima, bali chagua kuwasha upya, yaani Restart, na menyu ya mifumo ikitokea uchague Ubuntu. Tazama kama Wi-Fi ipo. Baada ya hapo rudi Windows, safari hii chagua Shut down, subiri izime, washa, uchague Ubuntu, utazame tena. Rudia mzunguko huo mara kadhaa. Watu wengi hudhani kuzima ndiko kunakosafisha zaidi kuliko kuwasha upya, na kwa akili ya kawaida wako sahihi, lakini kwenye Windows yenye utaratibu huu ni kinyume chake: kuwasha upya hufunga kiini na draiva zote, ilhali kuzima huvilaza tu. Ikiwa Wi-Fi inakubali kila unapotoka kwa Restart na kukataa unapotoka kwa Shut down, chanzo kimejulikana.

Tiba yake inafanyika upande wa Windows, jambo ambalo huwapotosha wengi, kwa kuwa ugonjwa unaonekana Ubuntu na mtu hutumia siku nzima kubadilisha mambo hukohuko. Fungua Control Panel, ingia Power Options, na upande wa kushoto ubonyeze maandishi «Choose what the power buttons do». Chini ya ukurasa utaona tiki kwenye «Turn on fast startup», lakini itakuwa imefifia na haigusiki. Wengi huishia hapo wakidhani kompyuta yao hairuhusu. Juu kidogo kuna mstari wa bluu unaosema «Change settings that are currently unavailable». Ukiubonyeza, tiki itaamka, utaiondoa, kisha utahifadhi. Windows itachukua muda mrefu zaidi kidogo kuwaka, hasa kama diski yako ni ile ya kuzunguka, na hiyo ndiyo gharama pekee. Kila Windows inapopata sasisho kubwa, rudi uangalie kama tiki haijarejea. Siku ambayo una haraka na hujafanya hayo yote, shikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza Shut down, na Windows itazima kikamilifu kwa mara hiyo moja.

Kuna sababu nyingine ya kuuondoa utaratibu huu ambayo kwa mwenye duka ina uzito kuliko hata Wi-Fi. Windows ikiwa usingizini, sehemu yake ya diski bado iko katikati ya kazi. Ubuntu ikiligundua hilo huifungua sehemu hiyo kwa kusoma tu, au hukataa kabisa kuifungua, na inafanya hivyo kwa kukulinda. Utakutana na watu wanaoshauri kuilazimisha ifunguke kwa kufuta faili ya usingizi. Tafadhali usifanye hivyo kwenye kompyuta yenye hesabu za biashara, kwa sababu kila ambacho Windows ilikuwa haijakiandika kwenye diski kitapotea, na Windows itakapoamka itakuta diski isiyolingana na kumbukumbu zake. Njia ya salama ni kurudi Windows na kuizima kikamilifu.

Ikiwa umeondoa tiki na kadi bado inapotea, zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutolewa, na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili chaji iliyobaki kwenye saketi imalizike. Kadi iliyoganda katika hali mbaya mara nyingi huachia hapo.

Kama hata hilo halikusaidia, basi ndipo uchunguze upande wa Ubuntu, na amri ya kuanzia ni lspci -nnk. Itatoa orodha ndefu ya vifaa. Tafuta mistari yenye neno Network. Ukiikuta kadi na chini yake kuna mstari unaoanza na «Kernel driver in use», draiva ipo na imeikamata kadi, hivyo swali linalobaki ni kama kadi imefungiwa, na hilo utaliona kwa amri rfkill list. Mahali penye neno Soft blocked pakisema yes, amri rfkill unblock wifi itaifungua. Pakiwa ni Hard blocked, tafuta kitufe cha hali ya ndege kwenye kibodi, au swichi ndogo ya ubavuni ambayo kompyuta nyingi za zamani zinayo, na ambayo husogezwa kirahisi kompyuta ikiwa ndani ya mkoba. Ukiikuta kadi lakini mstari wa draiva haupo, kompyuta inahitaji draiva, na hali hii huwapata sana wenye kadi za Broadcom.

Hapo kwenye Broadcom nataka nikae kidogo, kwa sababu watu hukwama mahali pamoja. Draiva yake ya ziada haikutiwa saini pamoja na kiini cha Ubuntu, na kompyuta yenye Secure Boot, yaani ulinzi unaokagua saini za programu wakati wa kuwaka, hukataa kupakia draiva isiyo na saini inayoitambua. Ndiyo sababu Ubuntu, wakati wa kuiweka draiva hiyo, hukuomba utunge neno la siri, kisha hukutaka uwashe upya. Kompyuta ikiwaka, skrini ya bluu hutokea yenye maneno machache ya Kiingereza, na aliye na haraka hubonyeza Enter kwenye mstari wa kwanza, ambao maana yake ni kuendelea kuwaka. Kwa kufanya hivyo ameiacha draiva nje ya mlango. Unatakiwa ushuke hadi «Enroll MOK», yaani kusajili ufunguo wa saini hiyo, ukubali, uandike lile neno la siri ulilotunga, kisha uwashe upya. Skrini hiyo hutokea mara moja tu na kutoweka; ukiikosa itakubidi uombe usajili upya kwa amri sudo mokutil --import ikifuatiwa na njia ya faili ya ufunguo, ambayo kwenye Ubuntu ni /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der.

Utauliza draiva utaipakua vipi wakati mtandao wenyewe ndio unaokosekana. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, na kwenye mipangilio ya simu uruhusu kushirikisha intaneti kwa USB. Ubuntu itaiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao, bila kuhitaji draiva nyingine. Angalizo langu ni la bando tu: ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, uweke alama kwamba ni wa kulipia kwa kiasi, la sivyo masasisho yanaweza kuanza kushuka nyuma ya pazia na kumaliza kifurushi kabla hujaipata draiva yako.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninaishi Mbezi. Kompyuta yangu ni ya mezani, haina Wi-Fi, hivyo ninatumia waya kutoka kwenye ruta. Nikitoka Windows na kuingia Linux Mint, taa ndogo ya kwenye tundu la waya haiwaki kabisa. Nimebadilisha waya bila mafanikio. Cha ajabu, umeme ukikatika usiku, asubuhi yake Linux inapata mtandao.

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Umeeleza vizuri, na sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyobeba jibu. Kompyuta ya mezani ikizimwa huku imechomekwa ukutani haikosi umeme moja kwa moja. Kisanduku chake cha umeme huendelea kutoa volti 5 za kusubiri, na umeme huo huifikia kadi ya mtandao ili iweze kuamsha kompyuta kwa amri inayotoka kwenye mtandao. Draiva ya Windows, hasa ya kadi za Realtek, inaweza kuizima kadi wakati wa kufunga ili kuokoa umeme, na kwa kuwa ule umeme wa kusubiri haujakatika, kadi hukaa katika hali hiyohiyo hadi Linux inapowaka na kushindwa kuiamsha. Umeme wa mtaani ukikatika, kadi nayo hufa kabisa na kuanza upya.

Kwa hiyo waya wako ni mzima. Ingia Windows, fungua Device Manager, bonyeza mara mbili jina la kadi ya mtandao, na kwenye kurasa ya Power Management uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kisha kwenye ukurasa wa Advanced tafuta «Shutdown Wake-On-LAN» uiruhusu, ili kadi ibaki macho Windows inapofunga. Ondoa pia ule utaratibu wa kuwaka haraka niliomweleza dada wa Tabata, kwa njia ileile. Siku ukijikuta Linux na taa haijawaka, na una kazi ya kuwasilisha chuoni, jaribu kuiondoa draiva na kuirudisha kwa amri sudo modprobe -r r8169, kisha sudo modprobe r8169. Ikigoma, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, ubonyeze kitufe cha kuwashia mara moja, ndipo uchomeke upya.

SWALI: Kijana wangu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kigamboni na kazi yangu sasa ni kutafsiri nyaraka. Kwenye Ubuntu alama inaonyesha nimeungwa kwenye Wi-Fi, lakini kurasa hazifunguki, wakati kwenye Windows na kwenye simu zinafunguka. Tena nikirudi Windows ninakuta saa iko nyuma. Je, ni jambo moja au ni mawili?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ni mawili, na ni heri tuyatenganishe.

Kuungwa kwenye Wi-Fi maana yake ni kwamba kompyuta na ruta vinaelewana. Hakusemi lolote kuhusu njia iliyo mbele ya ruta. Fungua dirisha la amri uandike ping -c 4 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya Google. Majibu yakirudi, intaneti unayo. Andika tena ping -c 4 ikifuatiwa na jina la tovuti unayoifahamu. Namba ikijibu na jina likikataa, kinachokosekana ni huduma ya kutafsiri majina kuwa namba. Kila mfumo una mpangilio wake wa huduma hiyo, ndiyo maana Windows na simu haziathiriki. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo upande wa Ubuntu, fungua ukurasa wa IPv4, na palipoandikwa DNS zima chaguo la kujipangia, uandike 1.1.1.1, 8.8.8.8, kisha uhifadhi, uzime Wi-Fi na kuiwasha. Ikiwa palikuwa na namba nyingine iliyoandikwa hapo zamani, huenda ndiyo iliyokuwa inakukwamisha.

Ikiwa hata namba haijibu, na ruta unayotumia ni ya ofisi au ya jirani aliyeweka orodha ya vifaa anavyovikubali, angalia kama Ubuntu inatumia anwani halisi ya kadi. Ruta ya namna hiyo hutambua kifaa kwa anwani ya kadi yake, na mfumo unaweza kuonyesha anwani ya kubuni kwa ajili ya kulinda faragha. Kwenye ukurasa wa Identity wa Wi-Fi hiyo, palipoandikwa Cloned Address, chagua Permanent.

Kuhusu saa, chipu ya ndani ya kompyuta huhesabu muda bila kujua iko nchi gani. Windows huichukulia hesabu hiyo kuwa ni saa ya hapa tulipo, na Ubuntu huichukulia kuwa ni saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ubuntu ikishairekebisha chipu kwa utaratibu wake, Windows huisoma moja kwa moja, na saa 4 asubuhi ya Kigamboni ikaonekana kuwa saa 1. Tofauti hiyo kwa kawaida haifungi kurasa zote, na pale cheti cha tovuti kinapokataliwa kwa sababu ya tarehe, kivinjari hueleza hivyo waziwazi. Itakusumbua zaidi kwenye zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 unapoingia kwenye barua pepe au benki, kama programu inayozitoa iko ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Kwa Ubuntu, amri ni timedatectl set-local-rtc 1, nayo huitaka isome chipu kama Windows inavyoisoma. Mfumo utakuonya kwamba mpangilio huo haupendekezwi, na sababu kubwa ya onyo hilo ni nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kufuata majira, ambako mifumo miwili inaweza kuisogeza saa moja mara mbili. Tanzania haisogezi saa, hivyo kwako hatari hiyo haipo. Ukitaka kurudi ulikokuwa, andika amri ileile na sifuri mahali pa moja.